Behewa Lililopita Likilia

Uvumi ulifika stesheni kabla ya chakula cha mchana, na kila aliyeupokea aliutia chumvi yake.

Wa kwanza alisema treni ya mahindi imepita getini ikilia. Wa pili akasema siyo honi, ni sauti ya mtu. Wa tatu akasema ni jini la reli, lina nywele mpaka visiginoni, limekaa juu ya paa linamwita mama yake.

Wapakiaji walicheka mpaka wakaweka magunia chini. Mama Lakiri naye alicheka.

Kicheko hicho ndicho anachokijutia sasa hivi.

Maana tulipoachana wiki jana, msomaji wangu, mama huyu alikuwa amesimama peke yake kando ya njia ya nne, ameshika kibakuli cha chakula cha binti yake alichokikuta hapo. Kitambaa hakijafunguliwa. Chini ya kibakuli ulikuwapo ubao wa kuandikia hesabu ya magunia, kalamu imechomekwa juu. Na njia ya nne ilikuwa tupu, reli mbili tu zinametameta kwa jua, kwa sababu treni iliondoka saa sita kasoro robo.

"Kitinda!" aliita. "We Kitinda!"



Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, huyu mama jina lake la nyumbani limeshasahaulika. Wote wanamwita Mama Lakiri. Miaka kumi na tisa kazi yake ni moja: behewa likijaa na mlango ukisukumwa, yeye ndiye anayepitisha waya wenye namba kwenye komeo na kuubana. Waya huo ndio lakiri. Ukishabanwa haufunguki. Unakatwa kwa mkasi wa chuma, na mwenye kuukata bila amri anakwenda kulala ndani.

Kitinda ni mwanawe wa mwisho, miaka ishirini na miwili, karani wa kuhesabu magunia uwanjani hapo hapo.

Asubuhi ile mabehewa yalikuwa ishirini na mawili. Lakiri ishirini na mbili. Mkono ni wake mwenyewe.

Miguu ilimtangulia kabla ya akili. Alivuka njia ya tatu, ya pili, akawafikia wapakiaji waliokuwa wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Nyapara wao ni kijana mnene mwenye mdomo, wanamwita Kiroba.

"Kiroba, mwanangu yuko wapi?"

"Mama, mimi ni nyapara wa magunia. Mabinti wana nyapara wao."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Nimekuuliza."

"Ah, mama nawe! Labda kaenda na lile jini. Wasichana wa siku hizi ukimkosa kazini, mtafute kwenye simu."

"Simu yake iko ofisini, inachajiwa."

Kicheko kikakatika kama uzi.

"Nani alijibu?" mama akauliza.

"Kujibu nini tena?"

"Nilipogonga. Nani alijibu hakuna?"

Kiroba akakuna kidevu. "Tulijibu sote. Si tunajibu kila siku?"

Hapo ndipo palipo na ugonjwa. Uwanja ule hauna mti hata wa kukata kijiti cha meno. Jua likikaza, watu hupanda ndani ya behewa lililokwisha kupakiwa, wakajipenyeza juu ya magunia mpaka nyuma kwenye kiza na ubaridi, wakajinyoosha dakika kumi. Kila mtu anajua. Kila mtu amewahi.

Kwa hiyo iliwekwa sheria: mfunga lakiri agonge mlango kwa spana mara tatu, aulize, "Kuna mtu?", anyamaze, asikilize.

Lakini miaka ikapita, kugonga kukageuka wimbo. Mama Lakiri anagonga, anauliza, na kabla hajafunga mdomo wapakiaji walioko nje wanaitikia kwa pamoja kama kwaya: "Hakunaaa!" Anayeongoza kwaya ni Kiroba. Wakishaitikia wanacheka, lakiri inabanwa, wanakwenda behewa linalofuata.

Walio nje ndio waliokuwa wakijibia walio ndani.

"Nani aliangalia?" mama akauliza tena, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Anayepandaga kuangalia ni mdogo wangu, Mrefu," Kiroba akasema. "Na leo Mrefu homa imemshika tangu asubuhi. Nimemwambia akajilaze."

Mama Lakiri hakusikia yaliyobaki. Alikuwa anakimbia.

*

Njiani alikuwa anaomba dua ya ajabu, dua ambayo hakuna mama mwenye akili timamu aliyewahi kuiomba: mwanangu awe amenitoroka.

Maana asubuhi ile walikuwa wameachana vibaya. Kule juu, mwisho wa reli, kimejengwa kinu kikubwa cha unga. Kabla ya reli kufika pale palikuwa na nyasi na mbuzi. Sasa kuna maghala, zahanati, shule, na kazi za mshahara. Kinu kilimwandikia Kitinda barua: njoo uwe karani wa ghala. Barua ilipitia mikononi mwa mama, na mama akaitia kwenye mfuko wa sare yake akanyamaza nayo siku tisa.

Binti aliigundua leo, wakati wa kufua.

"Mama, wewe kila kitu ukikipenda unakitia lakiri," alisema, akatoka bila kunywa chai.

Sasa mama aliipapasa barua mfukoni huku akikimbia. Amenitoroka, alijiambia. Ee Mungu, awe amenitoroka tu.

Lakini nani atatoroka na kuacha simu, kibakuli na ubao?

*

Ofisi ya Bwana Stesheni ina dirisha moja la nondo, feni isiyozunguka, saa ya ukutani, na redio ya upepo ya kuongea na makao makuu. Mwenyewe alikuwa anamenya chungwa.

Mama alimwambia yote kwa pumzi moja: kibakuli, uvumi, lakiri, barua. Bwana Stesheni aliweka chungwa chini. Jasho likamtoka kwenye kipara kama mtungi.

"Ana barua ya kazi kule juu? Unayo?"

"Hii hapa."

Aliisoma, akaikunja, akavuta redio. Mama akashusha pumzi, akidhani msaada umefika. Kumbe!

"Kontrola, hapa stesheni. Nina taarifa ya mdandiaji. Msichana amejificha kwa hiari yake kwenye treni ya mahindi, aende kutafuta kazi. Nina ushahidi wa barua."



Kontrola, anayeongoza treni zote kutoka makao makuu, ni mtu ambaye hakuna mfanyakazi wa pale aliyewahi kumwona. Anajulikana kwa sauti tu, na kwa kitu kimoja: akitaka kukataa jambo, hukohoa kwanza.

Redio ikakohoa.

"Mdandiaji hafunguliwi njiani," sauti ikasema. "Lakiri itakatwa kesho saa nne, stesheni kuu, mbele ya polisi na mtu wa forodha. Ile treni ni mzigo wa malori thelathini. Huko juu wilaya tatu zinasubiri unga. Mmesahau mwaka jana daraja liliposombwa? Wiki tisa! Unga ulipanda mara mbili, viwanda vikafungwa, na nyinyi hapo uwanjani mlikula nini? Nyuma yenu meli inashusha. Mbele yenu treni ya mafuta inateremka. Reli ni moja. Mdandiaji atakaa na mahindi mpaka kesho. Hafi."

"Na dawa je?" mama akapaza sauti.

"Nani huyo?"

Mama akasogea mpaka pua ikagusa redio. "Saa nane treni inafika njia ya kupishana. Pale wapo watu wa dawa. Wanapanda juu ya paa, wanafungua tundu, wanatumbukiza vidonge vya kuua wadudu, behewa moja baada ya jingine. Dawa inayomfuata dumuzi mpaka ndani ya punje, mwanangu itamwacha?"

Safari hii redio haikukohoa.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika arobaini.

"Wapigieni simu watu wa dawa," Kontrola akasema.

"Hawapokei, mkuu," Bwana Stesheni akajibu. "Simu zao huziacha sandukuni wakianza kazi. Dawa ile na simu haviwekwi pamoja."

"Basi nisikilizeni vizuri. Dereva ana mkasi na ana redio. Naweza kumwamuru akate lakiri popote kwa sababu moja tu: mfanyakazi aliyefungiwa ndani kwa kosa la ofisi. Hilo nina ruhusa nalo. Lakini nataka kosa liandikwe, lisainiwe, lisomwe hapa hapa likirekodiwa. Sasa niambieni. Ni mdandiaji au ni kosa?"

Bwana Stesheni akaziba redio kwa kiganja, akanong'ona haraka.

"Fikiri, mama. Ukisema kosa, kesho huna kazi. Na mimi sina. Watakuja wakubwa na makaratasi, uwanja utafungwa, watu mia mbili watakaa barazani. Kwa ajili ya nini? Kwa barua hii tunasema alidandia, halafu la dawa namwomba Kontrola kwa upole..."

"Utamwomba nini, na ukishasema mdandiaji mlango haufunguliwi?"

"Mama, jela je?"

"Jela ina mlango, na mlango una ufunguo," Mama Lakiri akasema. "Nipe kalamu."

Yeye shule aliishia darasa la saba. Aliandika kwa herufi kubwa kubwa, ulimi nje, kama mtoto, kisha akasoma kwa sauti:

"Mimi nimefunga milango ishirini na miwili bila kuchungulia hata mmoja. Niliuliza kama kuna mtu na sikungoja jibu. Binti yangu hakudandia. Alifungiwa, na aliyemfungia ni mimi."

Bwana Stesheni aliziba uso kwa mikono miwili.

"Imerekodiwa," Kontrola akasema. "Behewa gani?"

Mama akaipitia milango yote kichwani, mmoja mmoja.

Hajui.

"Mama, siwezi kukata lakiri ishirini na mbili, wala kuzuia dawa ya treni nzima. Nikikata zote treni imekufa pale pale na reli imezibwa. Nipe namba moja."

Maji yamezidi unga. Mkosaji amepatikana, ruhusa imepatikana, mkasi upo, na namba haipo. Nje wapakiaji walishajaa dirishani wameshika nondo, Kiroba mbele yao, hana utani tena.

Hapo ndipo mama alipokumbuka kile alichokicheka. Lisemwalo lipo. Na kama lipo, yupo aliyelisema wa kwanza.

"Getini!" alisema. "Nipigie getini!"

*

Geti ambako barabara inakatiza reli lina mlinzi mwanamke, mjane mwenye maneno mengi, na simu ya kuzungusha inayofika ofisini moja kwa moja.

"Geti!"

"Ni mimi, Mama Lakiri."

"Ee shoga! Umesikia habari za jini letu?"

"Jini lenyewe ni mwanangu."

Huko upande wa pili palisikika kitu kikianguka.

"Mungu wangu. Shoga yangu, mimi niliwaambia watu ni sauti ya mtu, wakanicheka, mmoja akasema nimelewa..."

"Ilitoka behewa la ngapi?"

"La kumi na nne. Mimi kila treni naihesabu, nijue kama imefika nzima, haikukatikia njiani. Nilikuwa ndiyo nataja kumi na nne niliposikia kugongwa, pa, pa, pa, na sauti: Mama! Nakula kiapo. Kumi na nne."

"Kumi na nne!" mama akapiga kelele kwenye redio.

Ikapita dakika moja yenye urefu wa wiki. Kisha redio ikakwaruza, ikaingia sauti nzito ya dereva, mzee wanayemwita Babu Breki.

"Kontrola, nakupata. Tumefika kupishana, tumewahi dakika kumi. Watu wa dawa wameshaanza kutoka mbele. Wako la sita."

"Waambie la kumi na nne waliruke. Mengine waendelee, treni ya mafuta iko nyuma ya kilima. Wewe chukua mkasi, nenda ukate."

"Naenda. Redio ninayo kiunoni."

Sasa, msomaji wangu, keti pamoja na mama huyu. Ofisi ina joto la tanuri. Mwanawe yuko mwendo wa saa mbili kutoka hapo, na kinachowaunganisha ni sanduku dogo linalokwaruza. Hawezi kukimbia, hawezi kushika mkasi. Anasikia viatu vya mzee vikisaga kokoto. Anasikia mzee akihema. Anasikia kengele ya mbali ya njia ya kupishana.

Pa, pa, pa.

"Kuna mtu humo?" Babu Breki aliuliza. Na yeye alisubiri, akasubiri sana.

Kisha kach! Lakiri ikakatwa. Mlango ukanguruma.

"Naona magunia. Napanda." Kuhema. Kukohoa vumbi. "Nimefika nyuma."

"Yupo?" mama akauliza.

"Mama yangu," mzee akasema taratibu. "Hakuna mtu."

Neno lile lile.

Kontrola akakohoa. "Nimekata lakiri moja bure. Sikati ya pili kwa kubahatisha. Pole sana, mama. Labda ni kweli alitoroka..."

Mama Lakiri alikaa chini sakafuni. Na alipokaa, ndipo alipoona kuwa mkono wake wa kushoto bado umeshika ule ubao, ameubeba tangu njia ya nne bila kuutazama. Mwandiko wa Kitinda ulikuwa umepangwa vizuri, behewa la kwanza, la pili, mpaka la kumi na mbili. Chini ya kumi na mbili, karatasi nyeupe.

Kumi na mbili. Siyo kumi na nne. Zimezidi mbili. Mbili gani?

Alirukia ile simu.

"Shoga! Ukihesabu treni unaanzia wapi?"

"Mwanzo, jamani!"

"Mwanzo wapi?"

"Kichwani! Sasa nisipohesabu kichwa, hayo mabehewa yatajivuta yenyewe?"

"Leo vichwa vilikuwa vingapi?"

"Viwili. Si kuna mlima..."

"LA KUMI NA MBILI!" Mama Lakiri alipiga ukelele uliowafanya wapakiaji dirishani waruke nyuma. "Babu Breki, ni la kumi na mbili! Amehesabu na vichwa!"

"Dawa iko la ngapi?" Kontrola akauliza, na hakukohoa.

Mzee akajibu akihema.

"Wanashuka kutoka juu ya la kumi na moja. Wanahamia la kumi na mbili sasa hivi."

"Kimbia!"

Kokoto. Kokoto. Mzee wa miaka hamsini na tisa anakimbia, na mkasi unagonga paja lake. "Weee! Huko juu! Shuka!" Sauti nyingine, nzito, ya mtu aliyevaa barakoa. "Nini?" "Usifungue tundu! Kuna mtu!" "Tumeambiwa la kumi na nne!" "Shuka, nimesema, kabla sijapanda huko mimi!"

Pa, pa, pa.

Na kutoka ndani, dhaifu, kama mtu anayegonga kwa kiganja kilichochubuka: pa. Pa. Pa.

Kach!

Mlango ulinguruma. Kisha hapakuwa na kitu ila mkwaruzo wa redio, na mama huyu aliyepiga magoti, na Bwana Stesheni aliyekuwa analia bila kujua kuwa analia.

"Mama."

Sauti ilikuwa kavu kama ganda la muhindi.

"Mwanangu."

"Mama, usinigombeze. Niliingia kidogo tu kwenye ubaridi, nikasinzia. Nikaamka mlango unafungwa. Nilijibu, mama. Uliuliza kuna mtu, nikajibu nipo. Lakini huko nje mlikuwa mnacheka."

Mama alishika meza. "Barua yako ninayo. Utakwenda. Hata kesho utakwenda, na mzigo nitakubebea mimi mwenyewe mpaka kwenye ngazi. Kunywa maji. Babu Breki, mpe maji!"

Dirishani wapakiaji walikuwa wanakumbatiana. Kiroba alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye nondo anacheka na kulia kwa pamoja, anasema, "Asante Mungu, asante Mungu, sitajibu tena, mdomo huu nitaushona."

"Mama," Kitinda akasema tena. "Na yule mwingine mmeshamtoa?"



"Mwingine yupi?" mama akauliza.

"Wa behewa la mbele yangu. Kila treni iliposimama tulikuwa tunagongeana. Mimi mara tatu, yeye mara tatu. Ndiyo ilinipa moyo. Hata hapa tulipofika tuligongeana. Halafu nikasikia watu wanatembea juu ya paa lake, na akaacha."

Behewa la mbele yake. La kumi na moja.

Mama Lakiri aligeuza shingo polepole kuelekea dirishani. Wapakiaji walikuwa wanatazamana, midomo inahesabu vichwa vya wenzao. Kiroba peke yake hakuhesabu. Mikono yake ilikuwa imekaza nondo mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

"Nilimwambia akajilaze," alisema. "Nilimwambia Mrefu akajilaze kwenye ubaridi mpaka homa ishuke."

"Kiroba..."

"Ni mimi niliyejibu, mama. Kwenye la kumi na moja nilijibu peke yangu. Wenzangu walikuwa wanakunywa maji. Nilijibu kwa nguvu, ili wacheke."

Mchuma janga hula na wa kwao. Hakuna aliyeisema methali ile, lakini kila mtu aliisikia.

Redio ilikwaruza. Alikuwa yule wa barakoa, safari hii ameivua.

"Vidonge vya la kumi na moja vina dakika nne tangu viingie. Haviamki mara moja, vinasubiri unyevu. Lakini homa ina jasho, na jasho ni unyevu. Na mlango ukifunguliwa sasa, atakayesimama mbele yake hewa ile inampata na yeye."

"Kontrola," ikaingia sauti ya Babu Breki, "naomba ruhusa nikate la kumi na moja. Mkasi uko mkononi."

Mbali ilisikika honi ya treni ya mafuta, yenyewe bado haionekani, ikiomba njia.

Na Kontrola akakohoa.

*

Kwa mwenye kazi uwanjani, na kwa mwenye mtoto anayefanya kazi uwanjani, epukeni haya:

Kupumzika ndani ya behewa, jua liwe kali namna gani.

Kuacha simu ofisini unapoingia mahali penye mlango mzito.

Kuuliza "Kuna mtu?" huku mkono umeshashika lakiri.

Kufunga bila kuingiza kichwa na kutazama mpaka nyuma.

Kuhesabu pamoja kabla hamjakubaliana mnaanzia wapi.

Kucheka uvumi kabla ya kumtafuta aliyeuanza.

Kuita mtu mdandiaji ili kosa lako lisionekane.

Kuficha barua ya mtoto.

Kumwambia mgonjwa akajilaze bila kumwonyesha pa kulala.

Kumjibia mtu ambaye hujamwona.